Acheni Kutuambia "Badilisha Tu"

Maneno mawili yanatosha kuua gari zuri katika nchi hii, na hayasemwi na adui. Yanasemwa na fundi mwenye haraka, muuza spea mwenye mzigo wa kumaliza, na binamu yako aliyenunua gari lake la kwanza juzi: "Badilisha tu."

Injini inakohoa? Badilisha kabureta. Inachemka? Badilisha pampu ya maji. Imezeeka? Ng'oa yote, tumbukiza ya Toyota, maisha yasonge. Hakuna aliyefungua kitu. Hakuna aliyepima. Pesa zimeshatumwa kwa simu kabla ugonjwa haujapata jina.

Nataka kubishana na maneno hayo mawili. Msimamo wangu ni huu: chuma kilichofungwa kwa bolti na nati kina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyiwa nyumbani, na kijana asiye na digrii wala gereji. Anayekuambia haiwezekani, ama ana kitu cha kukuuzia, ama amesahau magari ya nchi hii yamekuwa yakiendeshwa na mikono ya nani.

Ushahidi wangu ni gari moja la spoti, Datsun 240Z. Kama hujawahi kuliona, fikiria pua ndefu, milango miwili, viti viwili, na mgongo unaoteremka taratibu hadi nyuma. Nissan walilitengeneza kuanzia 1969 hadi 1973. Chini ya boneti kuna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Si langu. Mimi naandika kwa kujitegemea, nalipwa kwa makala, na kuna miezi ambayo mwenye ploti ananijua kwa mlio wa hatua zangu. Gari ni la mzee mmoja wa Thika, rafiki ya marehemu babu yangu. Limekaa juu ya mawe, chini ya mabati, kwa miaka mingi. Tulikubaliana hivi: nachukua kipande kimoja kimoja, napeleka kwangu Githurai, nakifufua, nakirudisha. Malipo ni nauli, chakula cha mchana, na ruhusa ya kugusa.

Watu wakisikia hivyo wanauliza, "Sasa gari la spoti utaliwekea wapi kwa bedsita, jo?" Ndiyo maana nasema watu hawafikiri. Gari ni kubwa, lakini vipande vyake ni vidogo. Kabureta zote mbili zinaingia kwenye beseni la nguo. Distribyuta inakaa kwenye sufuria. Ukiwa na meza, taa nzuri, dirisha la kutoa harufu ya petroli, na nidhamu ya kuzima jiko, tayari una karakana.

*

Kwa nini gari hili, si Probox? Kwa sababu hili lilijaribiwa hapa, kwenye vumbi letu na matope yetu.

Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z. Mwaka wa 1973 likashinda tena, mara hii likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka wa 1972. Mwaka uliofuata akamaliza Safari akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, naye pia kwenye Datsun, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana. Gari lile la 1971 leo liko Japani, kwenye mkusanyiko wa magari ya kihistoria wa Nissan kule Zama. Sisi tumebaki na hadithi, na magari machache kama la mzee, yanayosubiri mtu aseme "badilisha tu."

Kuna msee ataniambia Safari ilikuwa starehe ya wakoloni. Ni kweli ilianza 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Lakini mwaka wa 1965 ilishindwa na fundi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtu wa spana kabla ya kuwa mtu wa usukani, aliingia na kaka yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Gari la mitumba, kwa lugha yetu. Wakashinda. Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976. Safari iliporudi kwenye Mashindano ya Dunia mwaka wa 2021, baada ya kutoka 2002, tulijaza Naivasha, tukapiga picha za vumbi, tukapost. Ni wangapi kati yetu waliouliza magari yale yalifungwa na nani usiku?

*

Turudi kwa injini ya mzee, maana hapa ndipo ugomvi wangu unapata nambari.

Mafundi wawili walishaitazama kabla yangu. Wote walitoa hukumu moja: imekufa. Mtoto wa mzee, ambaye ni kama kaka kwangu na ambaye simdharau hata kidogo, akapata wazo: ng'oa, weka 1JZ ya Toyota. Sababu zake si za kipumbavu. Babake amezeeka. Spea za Datsun hazipatikani kirahisi. Anataka mzee aketi kwenye kiti kile na kusikia kitu kikinguruma kabla hajaondoka duniani. Tena kuna mnunuzi ameshatoa bei, naye anataka bodi tu. Tumepewa hadi Desemba. Injini isipowaka, gari linauzwa.

Mimi niliomba kitu kimoja: kijiko cha oili.

Kipimo chenyewe ni cha zamani kuliko baba zetu. Unatoa plagi zote sita. Unafunga geji ya kompresheni kwenye tundu la silinda ya kwanza, unafungua mkono wa petroli hadi mwisho, unazungusha injini kwa stata, unasoma. Unaandika. Unaenda ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Tulipata silinda tano zinazokaribiana vizuri, na moja iliyolala chini sana. Basi "imekufa" tayari imegeuka kuwa "moja kati ya sita inavuja." Hapo ndipo kijiko kinaingia. Unamimina oili kidogo kwenye silinda ile mbovu, unapima tena. Shinikizo likipanda, ringi za pistoni zimechoka, kwa sababu oili imeziba nafasi yake, na itabidi ufungue injini nzima. Lisipopanda, tatizo liko juu, mara nyingi kwenye valvu, na unahitaji kutoa kichwa tu.

Halikupanda.

Fikiria hesabu hiyo. Kijiko kimoja cha oili kilitenganisha kazi ya kichwa cha injini na mazishi ya injini nzima. Mafundi wawili walikuwa wamekula pesa ya mzee bila kumiliki swali hilo. Ufundi hauishii kwenye kubeba spana. Unaanza na kujua swali gani linaulizwa kwanza.

Kutoa kichwa chenyewe kuna mtego. Injini hii inaendesha kamshafti yake kwa cheni ndefu inayotoka chini. Ukifungua gia ya juu bila kushikilia cheni, kikaza-cheni kinachomoka ndani, na utalazimika kufungua mbele yote ya injini. Dawa yake ni kabari ya mbao, imechongwa kwa kipimo, inasukumwa katikati ya cheni kabla hujagusa bolti ile. Tulichongewa na seremala wa jirani. Teknolojia ya Kijapani ya 1970 ilingoja kabari ya seremala wa Thika, na ikatii.

Kichwa ni cha aluminiamu, kizito kama mtoto mkubwa. Nilikifunga kwa leso mbili, nikapanda nacho matatu ya Thika Road, na konda akadai nikilipie kiti. Nikalipa. Nyumbani nililaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, nikajaribu kupitisha fila geji chini, kwa urefu, kwa upana, kwa pembe. Ukipata pengo linalozidi milimita 0.1, kimepinda na lazima kiende mashineni. Milimita 0.1 ni kama karatasi moja ya daftari. Usiniambie jicho la fundi mzoefu linaona karatasi moja ya daftari chini ya rula. Hakuna jicho la hivyo. Kuna kipimo, halafu kuna kiburi.

Kisha valvu. Ziko 12. Kila moja unaipaka dawa ya kusagia, unaibana kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, unakizungusha katikati ya viganja, mbele na nyuma, kama mtu anayepekecha moto. Unainua, unageuza kidogo, unarudia, hadi mviringo wa kijivu usio na pengo utokee kwenye valvu na kwenye kiti chake. Mathe alinipata nikifanya hivyo Jumapili moja, akauliza kama hii ndiyo kazi niliyoachia chuo. Nikamjibu ni mojawapo.

Baada ya kusaga, unaosha dawa yote mpaka basi, kwa sababu punje moja ikibaki itaila injini. Unarudisha valvu na springi zake, unamimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa, unaketi. Yakipenya kando ya valvu, unarudia. Mafuta ya taa hayajui wewe ni nani wala umesoma wapi.

*

Kabureta nazo zilihukumiwa bila kusikilizwa. Nyingi katika magari haya ni za Hitachi, zinazofuata muundo wa SU wa Uingereza, na ukizielewa hutasema tena vitu vya zamani ni vya kijinga. Ndani ya kuba kuna pistoni. Injini ikivuta hewa zaidi, pistoni inapanda. Ikipanda, inabeba sindano iliyochongwa ikawa nyembamba kuelekea ncha. Sindano ikitoka kwenye tundu lake, petroli zaidi inapita. Hewa nyingi, petroli nyingi. Hewa kidogo, petroli kidogo. Hakuna kompyuta, ni sindano na uzito wa pistoni tu.

Ya kwanza ilikuwa imekwama. Petroli ya zamani ilikauka ndani ikawa kama vanishi. Fundi wa "badilisha tu" akikosa kubadilisha, anachukua msasa. Hilo ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu pistoni na kuba lake zimechongwa kuingiana bila kugusana, na kila kuba lina pistoni yake. Ukipiga msasa umeongeza pengo lisilorudi. Nililoweka kwa kiyeyusho, nikapangusa kwa kitambaa, nikarudia siku tatu. Kipimo chake ni cha sikio: unatoa kifimbo cha oili cha juu, unainua pistoni kwa kidole, unaiachilia. Inapaswa kushuka bila kusita na kugonga chini, tak. Siku ya tatu iligonga tak.

Ya pili ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Ekseli ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake. Hapo hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, na hutawahi kupata sailensa tulivu hata ukibadilisha plagi mia. Mikromita ikaonyesha ekseli imeliwa pande mbili. Nikaenda Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza, akatengeneza bushi ndogo za shaba na ekseli mpya, akikagua mara tatu kwa kila unyoya wa chuma aliotoa. Bei yake haikufika raba kali za Gikomba.

Mzee huyo hana mwanafunzi. Wanawe wako kwenye kazi za kompyuta na anawaonea fahari, na ni haki yake. Lakini siku mashine ile itanyamaza, maarifa ya kukereza ekseli ya kabureta kwa sehemu za mia za milimita yatabebwa hadi kaburini Lang'ata, halafu tutaitana mikutano kujadili "pengo la ujuzi."

*

Sasa nije kwa jambo linaloniudhi zaidi kuliko vanishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nissan ya Marekani ilinunua 240Z zilizotumika, ikazifufua, ikaziuza tena kupitia maduka yake. Ikaitwa heshima kwa historia. Mstaafu wa Uingereza akifungua kabureta kwenye banda lake nyuma ya nyumba, anaitwa mpenzi wa mambo ya kale. Tukienda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, tunavaa kofia nzuri, tunainama kutazama injini zinazong'aa. Siwachukii, gari safi ni gari safi. Lakini kijana wa Githurai akifanya kazi ile ile, kwa vipimo vile vile, anaambiwa, "Pole, naona maisha yamekugonga, siku hizi uko jua kali."

Kazi ni moja. Kilichobadilika ni anayeifanya.

Nilisoma uhandisi wa mitambo kwa miaka mitatu kasoro, chuo ambacho sitakitaja. Nilichora injini. Nilikokotoa mzunguko wa Otto mpaka kalamu zikaisha wino. Katika muda wote huo sikupewa injini moja niifungue kwa mikono yangu. Karo iliponishinda, kilichoniuma si kuacha mihadhara, ni kugundua kwamba nilichokuwa nakijua tayari kuhusu vyuma nilikipata likizo za shule, kwa mjomba, kwenye magereji ya Grogan, Barabara ya Kirinyaga, nikishika tochi.

Na huu si ugonjwa wa chuo kimoja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na useremala na ufundi wa vyuma, kwa ahadi kwamba mtoto ataondoka na kitu mkononi. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Sasa CBC imekuja na ahadi iliyovaa nguo mpya. Mwaka wa 1986 serikali ya Moi ilikipa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kuunda gari la Kenya. Mwaka wa 1990 magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakatolewa hadharani. Halikufika sokoni kamwe. Kilichobaki katika ndoto ile ni Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vyuma. Mimi nasoma hapo somo: nchi haianzi na gari jipya. Inaanza na watu wengi, wengi sana, wanaoweza kupima ekseli na kusema ukweli kuihusu. Hao hawatengenezwi kwa sherehe ya uzinduzi. Wanatengenezwa mezani, kipande kwa kipande.

*

Najua pingamizi. Acha nizijibu bila kuzungusha.

Ya kwanza: "Utaua mtu. Breki hazitengenezwi kwa keja." Hii naiheshimu, na ndiyo inayoniunga mkono zaidi. 240Z ina diski mbele na ngoma nyuma, zote zinasukumwa na mafuta. Unafungua silinda ya breki, unaangalia ukuta wake wa ndani kwa tochi. Ukiona vishimo vya kutu mahali mpira unapopita, hakuna mjadala, silinda hiyo imekwisha. Sili zote mpya. Mipira yote ya breki mipya. Sijasema tusibadilishe chochote! Raba, gasketi na sili hazina historia ya kuhifadhiwa. Hizo zinazeeka hata gari likiwa limelala. Na kazi ya breki ikiisha, mtu mwenye uzoefu kuliko wewe anaikagua kabla gurudumu halijazunguka. Anayepima ndiye anayejua lini pa kutupa. Hatari ni yule anayebadilisha bila kujua alichotoa kilikuwa na nini.

Ya pili: "Kipya ni bora kuliko cha zamani." Kipya kipi? Mpaka tukatunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia, mwaka wa 2008, halafu bado tunanunua spea kwa kuangalia boksi. Ekseli ya zamani iliyopimwa, naijua ilivyo. Ile ya kwenye boksi, najua tu rangi ya boksi.

Ya tatu: "Si magari ya umeme yanakuja? Unajifunza kutengeneza taipureta." Poa. Pikipiki za umeme ziko barabarani Nairobi tayari, na zinaharibika kama kitu chochote kinachobeba watu wawili na gunia la viazi. Siku betri ikigoma, watakaosaidika ni wale waliozoea kuuliza: ni seli, ni waya, au ni chaja? Hicho ni kijiko cha oili kwa umbo lingine. Na kama kampuni itafunga kila kitu kwa gundi na nywila ili tusiweze kuuliza, basi vita hii ni kubwa kuliko Datsun, na afadhali tuanze kuizoea mapema.

Ya nne ni ya kaka yangu, mtoto wa mzee: "1JZ itawaka wiki mbili, yako itawaka lini?" Sijui kumdanganya. Yangu ni polepole. Lakini 1JZ itakuja na kompyuta yake, nyaya zake na gia yake, na bodi itakatwa ili itoshe. Kilichokatwa hakirudi. Tena Kenya hairuhusu kuingiza magari ya kawaida yaliyozidi miaka 8, kwa hivyo ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyokwisha kukaa nasi. Tukimaliza kuyakata, hatutaagiza mengine Mombasa. Kama injini ingekuwa imekufa kweli, ningebeba winchi mwenyewe. Lakini haijafa. Tumepima.

*

Kwa hivyo ninataka nini, mbali na kupiga kelele?

Nataka kaunti ziache kuona gereji ya kando ya barabara kama uchafu wa kufagiwa kila mgeni mkubwa akija. Nataka vyuo vya ufundi vifunguliwe Jumamosi, mtu alipe kidogo, atumie mashine ya kukereza akisimamiwa. Nataka wazee kama yule wa Kariobangi walipwe kufundisha, sasa hivi, wakiwa bado na macho. Nataka wamiliki wa magari ya kale wanaoniambia hawapati fundi wa kuaminika wampe kijana kabureta moja, iliyotolewa, pamoja na mwongozo wa gereji, na muda.

Na wewe unayesoma hii kwa simu iliyopasuka kioo, sitaki uniamini bure. Tafuta kipande kimoja. Kabureta ya pikipiki ya jirani, distribyuta ya gari la mjomba, hata pampu ya maji. Kifungue juu ya gazeti. Panga kila kitu kwa mpangilio ulivyokitoa, piga picha, andika daftarini. Safisha. Pima. Langu lina kurasa 61 sasa. Ukurasa wa kompresheni una nambari sita na mstari mmoja chini ya ile mbovu. Ukurasa wa tapeti umesubiri: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza hewa, 0.25 kwa za kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Nitaujaza kichwa kikirudi Thika.

Hadi jana usiku, valvu nane kati ya 12 zilikuwa zinashikilia mafuta ya taa bila kuvuja. Zimebaki nne, na Desemba haijafika.

Wakati huo, fundi yeyote akikuambia "badilisha tu," usigombane naye na usimtukane. Muulize kitu kimoja kabla hujatoa simu kulipa: "Umepima nini, na umepata ngapi?" Akiwa na nambari, mlipe vizuri, huyo ni fundi. Akikosa, chukua kipande chako urudi nacho nyumbani.